Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: Litafuteni faili la Bibi yetu

Mikindani, Mtwara

Kwa Ndugu Mkuu wa Chuo,
Nakala kwa wajumbe wa Bodi ya Chuo na Afisa Utumishi.

YAH: FAILI LA MTUMISHI MSTAAFU LISILOONEKANA NA HAKI ZAKE AMBAZO HAZIJALIPWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeanza na sentensi hiyo kwa heshima ya Bibi, aliyekuwa katibu muhtasi wa chuo chako. Ndiyo iliyotangulia barua zilizotoka mezani kwake kwa miaka 38, na ndiyo sentensi ya kwanza ya kiofisi niliyojifunza. Nilikuwa darasa la tatu, nimekaa kwenye kigoda pembeni ya meza yake hapo chuoni, nikimsubiri amalize kazi turudi nyumbani.

Ndugu Mkuu, shikamoo. Hii ni barua ya saba. Sita zilizotangulia zililetwa ofisini kwako kwa njia inayotakiwa. Tatu aliziandika Bibi mwenyewe akiwa hai, na tatu tumeziandika sisi familia baada ya kumzika. Zote zilipokelewa na kugongwa mhuri, na nakala zake tunazo. Hakuna hata moja iliyojibiwa kwa maandishi. Tumejibiwa kwa mdomo tu, dirishani na koridoni, na kila siku jibu lake. Ndiyo maana leo tumeamua kuyasema haya hadharani.

Jina la chuo sitalitaja, wala la mtu yeyote. Wanaohusika wanajijua, na sisi hatutafuti kumwaibisha mtu. Tunatafuta faili.

Kabla ya malalamiko naomba unisikilize kidogo kuhusu mwenye faili hilo. Wewe ulifika chuoni yeye akiwa ameshastaafu, na kwa namna anavyotajwa siku hizi ofisini kwako ni kama hakuwahi kuwepo.

Bibi aliajiriwa mwaka 1978, mwaka ambao vita vya Kagera vilianza, akiwa na miaka 22. Alianza akiwa mpiga chapa. Baadaye alipelekwa Tabora kusomea uhazili, na safari yenyewe ilikuwa ya kumpima mtu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam wakati huo ilikuwa barabara ya vumbi na kivuko cha Rufiji, na masika yakichachamaa watu walilala njiani wakisubiri tope likauke. Kutoka Dar es Salaam ulipanda treni ya Reli ya Kati. Alimwacha mama yangu, akiwa bado mtoto, kwa shangazi yake, akaenda, akarudi na cheti na hatimkato kichwani. Akawa mhazili, na jina la cheo lilipobadilika akawa katibu muhtasi. Wakuu wa chuo walikuja na kuondoka. Yeye alibaki kwenye chumba kilekile cha mbele, chenye dirisha linaloangalia mwembe.

Miaka ya mwanzo ya themanini, nchi nzima ilipokuwa haina sabuni wala sukari, ofisi nayo ilikuwa haina karatasi za kaboni. Alikuwa akiitumia kaboni moja hadi ukiinyanyua juani unaona mwanga upande wa pili umetobokatoboka kama chekecheo. Mitihani ya ndani aliipiga kwenye stensili. Akikosea herufi anapaka dawa nyekundu yenye harufu kali kama rangi ya kucha, anainama, anaipuliza taratibu ikauke, halafu anairudia herufi ileile kwa kidole kimoja, polepole. Mimi nilipokuwa mkubwa kidogo kompyuta zilikuwa zimeshafika, lakini mashine ya taipu ilikuwa bado ipo mezani, na fomu nyingine bado alizijaza kwayo. Nilipenda ile kengele inayolia mstari ukifika mwisho. Mpaka leo nikiikumbuka sauti yake ninaikumbuka pamoja na kengele ile.

Jioni alikuwa Bibi. Mama yetu alipofariki tulikuwa wajukuu watatu, mdogo wetu hajaanza kutambaa. Hakuna kikao kilichokaa kuamua tunakwenda kwa nani. Bibi alikuja na kanga mbili, akambeba mtoto kwa moja, akafunga nguo zetu kwa nyingine, tukaondoka. Alitulea kwa mshahara wa katibu muhtasi na mikorosho michache ya shamba la Nanguruwe. Jumamosi alikwenda na sisi shamba, tukarudi na ming'oko ya kuchemsha, tukala barazani huku anatusomesha. Daftari zetu alizikagua kwa sauti. Hakukubali kazi iliyofutwafutwa. Alitufundisha kukunja barua mara tatu ili anayeifungua aanze kuona anwani kabla ya jambo. Mpaka leo bado tunakunja hivyo, na hata zile sita zilizofika kwako zilikunjwa hivyo.

Alistaafu mwaka 2016 kwa umri wa lazima wa miaka 60. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, presha ilimpanda usiku, na alfajiri hakuwa nasi tena. Hadi siku hiyo alikuwa bado anaidai ofisi yako.

Sasa malalamiko yetu.

1. Faili lake halionekani.

Mara ya kwanza Bibi alipokwenda kuulizia aliambiwa faili limepelekwa utumishi. Utumishi wakasema halijafika. Aliporudi akaambiwa liko kwa mtu wa masjala, naye yuko likizo. Mtu wa masjala akarudi likizo, akasema masika ya mwaka fulani paa lilivuja na mafaili mengi yaliharibika. Tulipokwenda sisi baada ya msiba tuliambiwa maneno mapya kabisa, kwamba mafaili ya wastaafu wa zamani "hayahifadhiwi tena". Haya ni majibu manne yasiyokaa pamoja. Faili lililopelekwa utumishi halikulowa masjala. Lililolowa masjala halikuwa mkononi mwa mtu wa likizo.

Ndugu Mkuu, hapa ndipo panapotuuma. Siku ya tatu ya msiba alikuja mzee mmoja kutoka Newala, hakuna aliyemfahamu. Alikuja na mfuko wa korosho zilizobanguliwa, akakaa mkekani na wanaume wengine, na baada ya dua akaomba aseme neno. Alisoma chuoni hapo miaka ya themanini. Jina lake la ukoo ni la Kimakonde, linaanza na N mbili, na unajua mtu asiye wa huku akiona N mbili hudhani moja imezidi. Kwenye matokeo yake N moja ilifutwa. Alipokwenda kuanza kazi majina yakapishana, akakataliwa, akarudishwa. Alifika chuoni hana hata nauli ya kurudi kwao. Bibi alimpa chai, akajifunga kanga puani kwa sababu ya vumbi, akaingia masjala. Alitoka jioni mikono mitupu. Kesho yake akaingia tena, na saa saba mchana akatoka na fomu ya maombi ya kujiunga ambayo yule kijana aliijaza kwa mkono wake mwenyewe, ikiwa na N zote mbili. Barua ya kusahihisha ikapigwa siku hiyohiyo. Mzee alituambia kwamba pensheni anayopokea leo inatokana na siku mbili zile.

Alipomshukuru, Bibi alimjibu neno ambalo na sisi tulilisikia mara nyingi nyumbani: "Karatasi haipotei yenyewe, kuna mtu aliiweka mahali."

Mtu aliyefanya hivyo kwa mtoto wa wenzake, leo familia yake inaambiwa faili lake halipo, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kwenda kulitafuta kwa siku mbili. Tumeuliza nani aliingia masjala kutafuta, siku gani, na rafu zipi zilipekuliwa. Hatujajibiwa.

Na hili si jambo la hisani. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inampa mkuu wa ofisi ya umma wajibu wa kutunza kumbukumbu za ofisi yake, na kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa mtu kujiamulia tu. Kama mafaili ya wastaafu yaliharibiwa, lazima ipo karatasi inayosema nani aliidhinisha na lini. Kama yalilowa na mvua, lazima ipo taarifa ya hasara. Tunaomba kuiona.

2. Barua ya kupandishwa cheo haikufanyiwa kazi.

Miaka miwili kabla ya kustaafu, Bibi alipandishwa cheo. Barua alipewa, mshahara haukubadilika. Aliulizia, akaambiwa avute subira, marekebisho yanakuja. Siku ya kustaafu ikafika bado analipwa mshahara wa cheo cha zamani, na kwa kuwa hesabu ya mafao hufuata mshahara, kiinua mgongo na pensheni yake vyote vilikokotolewa kwa mshahara usio wake. Mfuko wa pensheni hauna kosa hapo, ulifanyia kazi ulicholetewa na mwajiri. Mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha cheo na mshahara sahihi, halafu hesabu irudiwe. Na mwajiri anasema hawezi kuthibitisha kwa sababu faili halipo.

Tofauti ya kila mwezi kwa mtu mwenye ofisi kama yako huenda ikaonekana ndogo. Kwetu ilikuwa sembe na mafuta ya taa, na baadaye dawa zake za presha. Msimu wa korosho wa 2018, malipo ya wakulima yalipochelewa na vijiji vizima vikaishi kwa kukopa dukani, nyumba yetu ililishwa na pensheni ile peke yake, pamoja na nyumba mbili za majirani. Pensheni pungufu iliyalisha hayo yote. Najiuliza iliyo kamili ingefanya nini.

Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la bati lililokuwa chini ya kitanda. Tulidhani ni doti za kanga, na kweli juu kulikuwa na kanga tatu zenye harufu ya karafuu. Chini yake kulikuwa na bahasha za kaki zilizopangwa kwa miaka, kila moja imeandikwa kwa penseli juu kulia. Karatasi zake za mshahara zipo, zimefungwa kwa kamba ya katani, mwezi kwa mwezi. Barua ya ajira ipo. Barua ya kuthibitishwa kazini ipo. Na barua ya kupandishwa cheo ipo, ukurasa mmoja, mhuri wake wa duara umefifia upande wa kushoto kama vile aliyegonga aliegemea zaidi kulia. Tarehe ya kuanza cheo kipya amepiga mstari chini yake kwa penseli na rula.

Lakini ninachotaka ukiangalie kiko mwisho wa ukurasa. Chini ya sahihi pameandikwa "Nakala", kisha sehemu nne. Wewe na mimi tunajua maana yake. Barua ile haikuwa na mwili mmoja ndani ya faili moja pale masjala. Zilikuwepo karatasi nyingine nne, na kila moja ilikwenda kwenye ofisi yenye masjala yake. Hata kama paa la chuo lilivuja, halikuvuja kwenye majengo yote manne siku moja. Barua moja tu kutoka kwako kwenda sehemu hizo ingemaliza mjadala. Tumeiomba mara tatu.

3. Cheti chake halisi cha uhazili.

Alikikabidhi ofisini kwa ajili ya uhakiki muda mfupi kabla ya kustaafu, na hakikurudi. Hakina thamani ya fedha. Ni kile cha Tabora. Tunakitaka kitundikwe ukutani kwa mjomba.

4. Lugha tunayopewa.

Dirishani kwenu mjomba wangu, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi kwa barua ya mahakama, aliambiwa mbele ya watu: "Huyo si ameshakufa? Hela za nini tena?" Mjomba ni mtu mzima. Aliinuka akatoka bila kusema kitu, akakaa chini ya ule mwembe mpaka nilipomfuata. Haki ya marehemu haifi naye. Ni mirathi, na mirathi ina wenyewe.

Siku nyingine mtumishi mmoja alinifuata hadi getini, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba faili linaweza kuonekana iwapo familia "itajiongeza". Nilimwelewa. Sina ushahidi zaidi ya masikio yangu, kwa hiyo simtaji. Ila nakwambia wewe uliye mkubwa wa ofisi, kwa sababu kauli hiyo ina maana mbili tu: ama mtu huyo anajua faili liko wapi, ama ana desturi ya kuwauzia wastaafu matumaini. Yote mawili yanakuhusu.

Najua yapo ambayo mtayasema, na ni haki kuyajibu mapema.

Mtasema wewe ni mgeni na mambo haya yalitokea kabla yako. Ni kweli, na hatukulaumu kwa yaliyotangulia. Lakini barua zetu tatu za mwisho zimepokelewa wewe ukiwa kwenye kiti. Ofisi haifi mkuu akihama, na kama ingekuwa hivyo yule mzee wa Newala angeambiwa vilevile mwaka ule.

Mtasema siku hizi taarifa za watumishi zipo kwenye mfumo na mambo ya makaratasi yameisha. Vizuri. Basi kumbukumbu zake za mfumo zitolewe, zionyeshe cheo gani kiliingizwa na lini. Na kama cheo kipya hakikuingizwa, huo ndio uthibitisho wa kosa tunalolalamikia.

Mtasema tuwasilishe nakala zetu. Tumeshaziwasilisha mara mbili, zimethibitishwa na hakimu. Za asili hatutaziacha popote. Tulijifunza kwa cheti cha Tabora.

Na mtasema tuwe na subira. Hapo naomba niseme kidogo. Watu wa Kusini hawahitaji kufundishwa subira. Wazee wetu waliiona reli ya kwenda Nachingwea ikijengwa kwa ajili ya karanga za mkoloni, kisha wakaiona iking'olewa. Tuliisubiri njia ya kuvuka Rufiji bila kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Bibi alikuwa miongoni mwa waliolala njiani na mafaili ya chuo mapajani, kayafunga kwa nailoni yasilowe, yeye akalowa. Subira yake alishaitumia yote katika utumishi wenu. Iliyobaki ni yetu, na ni ndogo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Kwanza, ndani ya siku 30 tangu kupokea barua hii, utujibu kwa maandishi, kwa kumbukumbu namba na sahihi, useme faili la Bibi liko wapi au lilipatwa na nini. Pili, kama halipo, uagize faili la muda lifunguliwe kwa kutumia nyaraka tulizonazo, na uziandikie zile sehemu nne kuomba nakala. Tatu, upeleke kwa mfuko wake uthibitisho wa cheo na mshahara sahihi ili mapunjo yakokotolewe na kulipwa kwa msimamizi wa mirathi. Nne, cheti kirudi. Na tano, Bodi iwaulize wastaafu wengine wa chuo hiki. Hapa mtaani peke yake tunawafahamu wawili walioambiwa maneno yaleyale ya paa kuvuja, na hawana sanduku la bati.

Rambirambi hatuombi. Mstaafu hana tena fungu la mazishi kwa mwajiri, hilo tunalielewa. Lakini wapishi wa chuo walikuja kuzika, na walinzi walikuja. Dereva mzee alikuja na fimbo yake, akashika udongo. Ofisi ya mbele, aliyokaa miaka 38, haikumtuma mtu. Siliweki kwenye orodha ya madai. Nalisema kwa sababu mdogo wetu, yule aliyebebwa kwa kanga, aliuliza siku ile, "Watu wa ofisini kwa Bibi ni wepi?" na hatukuwa na wa kumwonyesha.

Jumatatu ya kwanza baada ya siku hizo 30 kuisha, saa mbili kamili asubuhi, mjomba na mimi tutakuwa mapokezi. Tutakuja na bahasha zote, za asili na nakala. Tutakachoomba ni mtu mmoja atufungulie masjala na akae nasi humo ndani. Kanga za kujifunga puani tutakuja nazo wenyewe.

Wako katika utumishi wa umma, kama alivyokuwa akiandika yeye,

Mjukuu wake, kwa niaba ya familia